Wasomaji Wanauliza: Sita, Dobi na Kitabu cha Saba

Barua za safari hii zinahusu hadithi za dini ya Kihindu. Nyingi zimetoka kwa watu wanaoishi mlango kwa mlango na Wahindu wa Mji Mkongwe, nyengine kwa Wahindu wenyewe. Takriban zote zinagusa jambo moja: hadithi ile ile inabadilika kutegemea anayeisimulia ni mwanamume au mwanamke, wa tabaka la juu au la chini. Tumejibu kwa urefu pale penye haja.

Assalaam alaykum wahariri. Nimesikia kisa cha Sita kufukuzwa na mumewe Rama kwa watu wawili. Mmoja anasema alifukuzwa kwa maneno ya dobi. Mwengine, mzee mwenye duka Darajani, anasema Sita hakufukuzwa kabisa, walirudi kwao Ayodhya wakatawala kwa raha. Nani kakosea? — Msomaji, Mkunazini

Wa alaykum salaam. Mzee wa Darajani ana kitabu kinachomuunga mkono, na yule wa dobi naye ana masimulizi yake. Ramayana, yaani tenzi za maisha ya Rama, mfalme anayeabudiwa na Wahindu, ziko nyingi. Ile kongwe ya Kisanskriti inayonasibishwa na Valmiki ina vitabu 7. Katika kitabu cha 6 vita vya Lanka, kwa mfalme Ravana aliyemteka Sita, vinakwisha, Sita anaingia motoni kuonesha kuwa ni safi, na Agni, mungu wa moto, anamrudisha mzima. Katika kitabu cha 7 uvumi unaanza upya, na Rama anamwamuru mdogo wake Lakshmana amchukue Sita, naye ni mjamzito, akamwache ng'ambo ya mto Ganga. Valmiki mwenyewe anampokea, anazaa pacha, Lava na Kusha, na mwisho ardhi inapasuka inamchukua. Tulsidas, aliyeanza kuandika Ramayana yake mwaka 1574 kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kaskazini ya India, hakukitia kisa cha kufukuzwa. Kwake yeye hadithi inatua kwenye utawala wa haki na amani.

Ama dobi, hayumo ndani ya Valmiki. Mle Rama anamuuliza Bhadra, mtu wake wa karibu, raia wanasema nini. Bhadra anamjibu kuwa maneno yamejaa sokoni na njiani: mfalme kamrudishaje mwanamke aliyechukuliwa na Ravana, na sisi sasa itatubidi tuwavumilie wake zetu kwa mambo kama hayo. Ni kauli ya mji mzima. Masimulizi ya baadaye ndiyo yaliyomleta mtu mmoja, dobi aliyemfungia mlango mkewe kwa kulala nje usiku mmoja, akasema yeye si Rama wa kumpokea mke aliyekaa kwa mwanamume mwengine. Hapo wivu wa mji na hukumu ya mfalme vimetwishwa mtu wa chini kabisa. Na hakuchaguliwa ovyo. Katika utaratibu wa matabaka dobi ndiye anayefua nguo za hedhi na za uzazi, na kwa kuzigusa anahesabiwa najisi. Hadithi inayohusu usafi wa mwanamke ikamtafuta mtu ambaye riziki yake ni kuondoa uchafu wa wengine, ikambebesha lawama, na mume mwenye cheo akabaki na huzuni tu.

Wanawake waliposimulia wao, walimtafuta mkosaji ndani ya nyumba. Chandravati, mshairi wa Kibengali wa karne ya 16 kutoka upande wa Mymensingh, ambao leo uko Bangladesh, anamtaja Kukuya, binti wa Kaikeyi, mama wa kambo wa Rama, yaani wifi yake Sita. Kukuya anambembeleza amchoree Ravana alivyokuwa. Sita anachora juu ya pepeo, usingizi unamchukua, wifi analiweka pepeo kifuani pake kisha anamwita Rama aje ajionee. Na Chandravati hamfichi Rama nyuma ya wifi: anamlaumu waziwazi kwamba akili imempotea.

Katika nyimbo za wanawake wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la juu kabisa, wa Andhra, kusini mwa India, wanazoimba wenyewe kwa wenyewe uani, kuna kisa kinachofanana na hicho. Humo anayekuja ni Surpanakha, dada wa Ravana, yule aliyekatwa pua na masikio na Lakshmana. Anajigeuza mtawa wa kike, anaomba picha ya kaka yake. Sita anachora kidole gumba cha mguu tu, maana hakuwahi kuinua macho kupita hapo. Surpanakha anamalizia mengine na picha inapata uhai. Nyimbo hizo hukaa muda mrefu kwenye mambo ambayo Valmiki anayapita haraka: uchungu wa Kausalya alipomzaa Rama, mama wakwe, mawifi, mambo ya chumbani. Vita vyenyewe, vinavyojaza kitabu kizima cha Valmiki, ndani ya nyimbo hizo havina uzito mkubwa. Wanawake hao waliwekwa ndani kwa sababu ya heshima ya tabaka lao, nao wakaieleza Ramayana kutokea huko ndani.

Lakini usitegemee kwamba kila mwanamke, au kila mtu wa tabaka la chini, ataigeuza hadithi. Molla, mwanamke wa jamii ya wafinyanzi, aliandika Ramayana ya Kitelugu, lugha ya Andhra, zamani hizo hizo, na Rama wake ni yule yule mtukufu anayeabudiwa. Jambo kubwa hapo ni kuwa aliyeshika kalamu ni binti wa mfinyanzi.

Nimesoma kuwa Rama alimuua mtu kwa kosa la kufanya ibada. Rafiki yangu Mhindu kakasirika, anasema huo ni uzushi. Imo au haimo? — Mwanafunzi, Tunguu

Imo. Ni kitabu cha 7 cha Valmiki, sura ya 73 hadi ya 76. Mbrahmani analeta maiti ya mwanawe mlangoni kwa mfalme na kudai kuwa mtoto hafi kabla ya baba yake isipokuwa pana dhambi katika nchi. Mwenye hekima Narada anaeleza: yupo Shudra, mtu wa tabaka la nne, anayefanya ibada ya kuutesa mwili isiyokuwa haki yake katika zama hizo. Rama anatoka kumtafuta, anamkuta mtu ananing'inia kichwa chini miguu juu, anamuuliza ni wa tabaka gani. Anajibu bila kuficha: mimi ni Shudra, jina langu Shambuka. Kabla hajamaliza maneno Rama anamkata kichwa, na mtoto wa Mbrahmani anafufuka.

Waliokuja baadaye hawakutulia nacho. Bhavabhuti, mtunzi wa tamthilia wa karne ya 8, alimfanya Rama kuwa na kusitasita katika kuunyanyua upanga, na Shambuka akatoka pale ameshakuwa kiumbe wa mbinguni anayemshukuru. Tulsidas alikiondoa kisa chote. Mwaka 1920 Tripuraneni Ramaswamy Chowdary aliandika tamthilia ya Kitelugu inayomweka Shambuka katikati na Wabrahmani upande wa washitakiwa. Mwaka 1936 B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka la Mahar lililohesabiwa si la kuguswa, alikitumia kisa hiki kwa hoja ya kisheria: usipoteze muda kumlaumu Rama kwa ukatili, alisema, kwa sababu mfumo unaompangia kila mtu kazi kwa kuzaliwa hauwezi kusimama bila adhabu, na aliyeukubali mfumo kakubali na upanga wake. Hoja hiyo haijapata jibu jepesi mpaka leo.

Sasa tazama kitabu chenyewe. Wataalamu wengi wanakubali kuwa kitabu cha 7, pamoja na sehemu kubwa ya cha 1, viliongezwa baada ya vile vya katikati. Ndani ya cha 7 mna mambo mawili yanayomchafua Rama: kufukuzwa Sita na kuuawa Shambuka. Mwanamke na Shudra wanaumizwa katika juzuu moja, kwa sababu moja, nayo ni kwamba mfalme lazima alinde utaratibu. Anayekikata kitabu cha 7 ili kumsafisha Rama anawaondoa wote wawili. Rafiki yako huenda hajasema uongo. Inawezekana Ramayana ya nyumbani kwao haijawahi kuwa na kitabu hicho.

Usidhani lakini kuwa watu wa chini ndio wanaotaka kitabu cha 7 kifutwe. Mwaka 1988 mchezo wa Ramayana uliokuwa ukioneshwa na televisheni ya taifa ya India tangu 1987 ulipokaribia kumalizwa bila ya kitabu hicho, wafagiaji wa jimbo la Punjab waligoma. Wengi wao ni wa jamii inayojiita Valmiki, wanaomhesabu mtunzi huyo kuwa mkubwa wao, na ni katika kitabu cha 7 ndipo Valmiki anapomfungulia Sita mlango baada ya mfalme kumtupa. Miji ikajaa taka na serikali ikakubali sehemu iliyobaki itengenezwe. Kwao kitabu hicho ni ushahidi kuwa aliyemhifadhi Sita ni mtu wao.

Ndugu wahariri, mimi ni Mhindu, nakaa Hurumzi. Binti yangu wa miaka 11 ameniuliza kwa nini Sita aingie motoni na Rama asiingie. Sisi tumelelewa kuwa Sita ni mfano wa mke mwema. Nimjibu nini bila ya kumvunjia imani? — Mama wa mtoto wa kike

Bi mkubwa, swali la binti yako ni la zamani sana na Sita mwenyewe keshaliuliza, kwa hivyo anza na maneno ya Sita. Katika kitabu cha 6 cha Valmiki, Rama anamwambia mbele ya watu kuwa alipigana kwa ajili ya heshima yake Rama na ya ukoo wake, si kwa ajili ya Sita, na kwamba Sita yuko huru aende atakako. Sita hanyamazi. Anamjibu kuwa anazungumza kama mtu wa kawaida na mwanamke wa kawaida. Anamuuliza: kama ulinishuku, kwa nini hukunitumia habari na mjumbe wako Hanuman alipokuja Lanka, ukajiepusha na taabu zote za vita? Kisha ni yeye anayemwamuru Lakshmana apange kuni. Mtoto akisikia sehemu hiyo atajua kuwa wema wa Sita haukuwa kuinamisha kichwa tu. Kosa linalofanywa na wazazi wengi ni kuruka maneno ya Sita na kubakisha moto peke yake.

Ukimsomea Tulsidas, mweleze kuwa humo jambo ni tofauti. Kabla Ravana hajafika, Rama anamwambia Sita ajifiche ndani ya moto, na anayeibwa ni kivuli chake. Moto wa baada ya vita unamrudisha Sita wa kweli. Kisa hicho kinamwondolea Rama aibu ya kumshuku mkewe, na kinamwondolea Sita hata kuguswa na mtekaji. Pana gharama yake hata hivyo, na tunadhani binti wa miaka 11 anaweza kuiona: kama lazima iwe kivuli ndicho kilichoguswa, basi mwanamke aliyeguswa kwa nguvu anaendelea kuonekana ana doa. Liseme hilo kwa upole, lakini liseme.

Kama nyumba yenu ni ya Arya Samaj, jumuiya iliyoasisiwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875 na kufika visiwani mwanzoni mwa karne iliyopita, una njia nyengine. Dayananda aliziweka Veda, maandiko matakatifu ya kale kabisa, juu ya vitabu vyote, akakataa masanamu na matabaka ya kurithi. Wafuasi wake wengi humsoma Rama kama mfalme mwema aliyekuwa binadamu, na kitabu cha 7 wanakihesabu kuwa kimepachikwa.

Mfuatishie na Draupadi wa Mahabharata, utenzi mwengine mkubwa wa Kisanskriti, kwa sababu watoto wa kike humpenda. Mumewe Yudhishthira anacheza kamari, anapoteza mali, ndugu zake, nafsi yake, halafu anamweka mkewe rehani, naye anapotea. Draupadi anapoitwa barazani hatangulizi kilio. Anatuma swali: alijipoteza yeye kwanza au mimi kwanza? Kwani mtu aliyekwisha kuwa mtumwa ana mali gani ya kuweka? Wazee wote mle barazani wanashindwa, hata Bhishma anasema sheria hii ni nyembamba mno. Wanajaribu kumvua nguo, na nguo haziishi. Watu wengi tunajua kuwa mungu Krishna ndiye aliyezileta baada ya kuombwa. Wahariri wa mji wa Pune, India, waliolinganisha miswada ya Mahabharata kwa mkono tangu 1919 hadi 1966, waliyaondoa maombi hayo kwa Krishna kwenye matini kuu wakayaweka tanbihini, kwa kuwa hayamo katika miswada iliyo bora. Bila ya maombi hayo, Draupadi anasimama na swali lake tu. Kule Tamil Nadu yeye ni mungu wa kike kamili mwenye mahekalu yake, watumishi wake wengi si Wabrahmani, na wanaotembea juu ya makaa kwa ajili yake aghalabu ni wanaume. Nadhani hiyo itamfurahisha aliyeuliza kwa nini Rama hakuingia motoni.

Ni adabu kumuuliza jirani Mhindu ni wa tabaka gani? — Msomaji, Chake Chake

Hapana, usimuulize kabla hajalitaja mwenyewe. Na ukiuliza hutapata unachokitafuta. Yale matabaka manne ya vitabuni, Brahmani, Kshatriya, Vaishya na Shudra, yametajwa katika Rig Veda, kitabu cha 10, wimbo wa 90, ambamo yanatoka kwenye kinywa, mikono, mapaja na miguu ya mtu wa kwanza. Maishani watu hujihesabu kwa jati, yaani jamii za kuzaliwa na kuoana, nazo ni maelfu. Zilizofika Zanzibar kutoka Kutch na Gujarat ni Bhatia, Lohana, Vania, Patel, na jamii za kazi kama masonara, washona viatu, vinyozi na madobi. Wafanyabiashara wa mwanzo waliokuja na kaskazi waliwaacha wake zao Kutch, kwa kuwa kuvuka bahari kuliweza kumtia mtu unajisi katika jati yake. Wanawake walianza kuja kwa wingi baadaye sana. Kwa hivyo kwa miaka mingi hadithi hizi hapa mjini zilikuwa mdomoni mwa wanaume peke yao, tena wengi wao wa tabaka la biashara, na hilo ni vizuri kulijua unapowasikiliza wajukuu zao.

Nafundisha fasihi skuli ya sekondari Wete. Nataka kufundisha kisa cha Ekalavya kwa vipindi viwili vya dakika 40. Nifanyeje wanafunzi wasitoke na chuki dhidi ya Wahindu? — Mwalimu

Mwalimu wetu, chagua tukio moja na masimulizi mawili. Zaidi ya hapo dakika 80 hazitoshi, na darasa litachanganya.

Kisa kimo katika kitabu cha 1 cha Mahabharata, kati ya vitabu 18. Ekalavya, mwana wa mkubwa wa Wanishada, watu wa msituni, anamwendea Drona, mwalimu wa upinde wa wana wa wafalme. Drona anamkataa kwa kuwa ni Mnishada. Anarudi msituni, anafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, anajifundisha mbele yake. Siku moja mbwa wa Wapandava, yaani Yudhishthira na ndugu zake, anambwekea, anamtia mishale 7 kinywani kwa mara moja. Arjuna, mmoja wa Wapandava, anamlalamikia Drona: uliniahidi hapatakuwa na mwanafunzi wa kunishinda. Drona anakwenda kwa Ekalavya, anadai ada ya ualimu, nayo ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya anakikata bila kusita.

Kipindi cha kwanza, wape matini iliyochapwa, ukurasa mmoja usiozidi. Usiwasimulie kwa kichwa. Mwalimu anaposimulia kwa kichwa huongeza "Drona mkatili" au "Ekalavya mtiifu" bila kujijua, na darasa hupokea hukumu badala ya kisa. Chora ubaoni safu nne: nani anasema, nani ananyamaza, nani analaumiwa, hadithi inaishia wapi. Wajaze kwa makundi ya watano watano kwa dakika 15, kisha walinganishe. Wataona kuwa Ekalavya ana maneno machache sana, na mama yake hana hata neno moja. Hakuna mwanamke katika kisa kizima. Hilo wanafunzi wa kiume hulipita, kwa hivyo acha wanafunzi wa kike walitaje wao.

Kipindi cha pili, weka usomaji wa aina mbili bega kwa bega. Wa kwanza ni ule uliofundishwa kwa karne nyingi: Ekalavya ni mfano wa utiifu kwa mwalimu. Wa pili ni wa waandishi wa Kidalit, yaani wa matabaka yaliyokuwa hayaguswi: hapa ameibiwa mtu ujuzi wake kwa jina la adabu, na kidole ni mlango wa skuli uliofungwa. Kila usomaji uelezwe na kundi kwa dakika 10, wakionesha mstari unaowaunga mkono. Kisha waongezee jambo moja ambalo wengi hawalijui: mbele, katika kitabu cha 7 cha Mahabharata, Krishna anasema kuwa yeye ndiye aliyemuua Ekalavya, kwa manufaa ya Wapandava. Waulize usomaji wa utiifu unalielezaje hilo. Ukitaka kuonesha kuwa mjadala bado ni moto, waambie kuwa mwaka 2016 mji wa Gurgaon karibu na Delhi ulipewa jina la Gurugram kwa ajili ya Drona, na wapo waliouliza mbona hapana mji wa Ekalavya.

Mambo hukorogeka pahala pawili. La kwanza ni mwanafunzi kusema "Wahindu ndivyo walivyo". Mkumbushe kuwa wanaompinga Drona kwa nguvu zaidi wamezaliwa ndani ya jamii hizo hizo. La pili ni kugeuza somo kuwa mashindano ya dini. Likianza, rudi kwenye safu nne za ubaoni. Na usiache swali la Karna, shujaa mwengine wa Mahabharata, likuvute: yule naye alidharauliwa kwa kulelewa na mwendesha gari la farasi, lakini maneno ya Draupadi kumkataa kwa sababu hiyo hayamo katika matini kuu ya Pune, na kulieleza hilo kunahitaji kipindi chake.

Kwa nini jirani zetu hutoa sababu mbali mbali za Diwali? — Msomaji, Kiponda

Kwa sababu sikukuu moja imebeba visa kadhaa. Mmoja anawasha taa kwa kurudi Rama baada ya miaka 14 msituni, mwengine kwa Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua vitabu vipya vya hesabu mbele yake. Kisa kinachosahaulika mjini kwetu ni cha Bali. Huyu alikuwa mfalme wa Asura, adui wa miungu kwa jina, mkarimu kwa vitendo. Mungu Vishnu alimjia kwa sura ya Mbrahmani kibeti, akamwomba ardhi ya hatua tatu, akakua akaumeza ulimwengu kwa hatua mbili, na ya tatu akaiweka juu ya kichwa cha Bali. Siku inayofuata Diwali, ambayo kwa Wagujarati ni mwaka mpya, ndiyo siku ya Bali.

Jyotirao Phule wa Pune, mtu wa jamii ya wakulima wa bustani, aliandika mwaka 1873 kuwa Bali alikuwa mfalme wa wakulima na kibeti ni mvamizi wa Kibrahmani. Hakulitoa hewani. Wanawake wa vijijini Maharashtra walikuwa tangu zamani wakiomba, wakizungusha taa mbele ya kaka na waume zao, balaa liondoke na ufalme wa Bali uje. Dua ilikuwa midomoni mwa wanawake na hakuna kasisi aliyeisikiliza. Phule, aliyeanzisha skuli ya watoto wa kike mwaka 1848 pamoja na mkewe Savitribai, aliisikiliza.

Kikundi chetu cha maigizo cha Ng'ambo kinataka kuigiza Sita kwa dakika 45 uwanja wa Ngome Kongwe. Tuanzie wapi na tujihadhari na nini? — Mwenyekiti wa kikundi

Amueni kwanza mnaigiza Ramayana ya nani. Ukichukua moto wa Valmiki, kivuli cha Tulsidas na dobi wa masimulizi ya baadaye ukavipika pamoja, Sita hataeleweka: alikuwa kivuli au alikuwa yeye? Kwa dakika 45 tunapendekeza kitabu cha 7 peke yake, kuanzia Bhadra anapoleta uvumi mpaka ardhi inapopasuka. Kama mnataka sauti ya kike, chukueni pepeo la Chandravati. Wifi mchongezi watazamaji wa Ngome Kongwe watamjua akiingia tu.

Mkimtia dobi, msimpe lafudhi ya kuchekesha. Wahusika wa tabaka la chini huanguka kwenye kichekesho mara moja, na hapo igizo linarudia kosa la hadithi. Vivyo hivyo Surpanakha: kukatwa pua mwanamke hakuigizwi kwa vigelegele.

Katika Ramlila, yaani igizo la maisha ya Rama, ya Ramnagar, karibu na Varanasi, India, inayochukua takriban mwezi mzima, wanaocheza Rama na Sita ni wavulana wa Kibrahmani, na wakishavaa taji watu huwasujudia. Kwa hivyo Mhindu akimwona mtu kavaa taji la Rama huenda asimwone mwigizaji tu. Waonesheni wazee wa hekalu mswada kabla ya mazoezi ya mwisho. Rama asivute sigara nyuma ya jukwaa akiwa na taji kichwani, na taji lisiwekwe chini sakafuni. Sita achezwe na mwanamke.

Moto fanyeni kwa kanga nyekundu na za rangi ya machungwa, nne au tano, zinazorushwa na waimbaji walioketi. Moto wa kweli na sari ndefu ni hatari, na upepo wa baharini hapo Ngome haubashiriki. Katika karatasi ya programu andikeni mstari mmoja unaosema igizo limetoka katika kitabu gani na limeacha nini, ili mtu aliyelelewa na Tulsidas asidhani mmezua.